Vani ya Fundi au Motohomu ya Kiwandani: Hesabu ya Croydon

Mwenye Volkswagen ya kambi ya mwaka 1978, ile ya injini nyuma, anaweza kuizungusha Croydon kutwa nzima asitozwe hata senti ya moshi. Jirani yake mwenye vani ya dizeli ya mwaka 2013, yenye injini ya kisasa zaidi, analipa £12.50 kila siku anapoitoa barabarani. Mambo yako hivyo tangu tarehe 29 Agosti 2023, siku eneo la tozo ya moshi, ULEZ, lilipotandazwa juu ya manispaa zote za London. Gari lililotimiza miaka 40 na kusajiliwa kuwa la kihistoria limesamehewa. Mengine, ya dizeli yanatakiwa kufikia kiwango cha Euro 6 na ya petroli Euro 4. Familia inayotoka Thornton Heath Ijumaa jioni na kurudi Jumapili inahesabiwa siku mbili, £25, hata kama ndani ya London imepita mwendo mfupi tu wa kuifikia barabara kuu ya M25.

Tozo hiyo ndiyo mlango wa kwanza wa mjadala unaoendelea katika nyumba nyingi za kusini mwa London: je, ununuliwe mwili wa vani na kumpa fundi aigeuze kuwa kampavani, au ichukuliwe motohomu iliyokamilika kutoka kiwandani? Kwa sensa ya 2021 Croydon ilikuwa na watu zaidi ya 390,000, kuliko manispaa nyingine yoyote ya London. Waafrika Mashariki wengi waliijua kwanza kwa Lunar House, jengo la ofisi za uhamiaji pale Wellesley Road, kabla hawajaijua kwa shule na masoko yake. Waliobaki wakazaa, na familia ya watu watano haitoshi katika chumba kimoja cha hoteli. Wikiendi mbili tatu za Wales au Cornwall kwa vyumba viwili viwili zinatosha kumfanya baba aanze kuulizia bei ya gari la kulala.

Watu huuliza kama vile kuna fundi upande mmoja na kiwanda upande wa pili. Kwa kweli mstari huo ni mwembamba. Motohomu nyingi zinazoitwa za kiwandani ni kazi ya viwanda viwili. Fiat Ducato, ambayo ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya motohomu za Ulaya, huundwa Atessa nchini Italia. Kichwa na fremu husafirishwa hadi kwa mjenzi, tuseme Swift wa Cottingham karibu na Hull, ambaye ndiye huweka kuta, paa, vitanda na jiko. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi, kwani basi dogo la abiria linaanza kama chesisi ya Isuzu na kuvishwa bodi na mafundi wa palepale. Arusha nako karakana hurefusha Land Cruiser na kuzikata paa ili liweze kunyanyuka, mtalii aone simba. Uingereza yenyewe ilianza hivyo. Kampavani zilizoipa nchi hiyo jina la Dormobile zilitoka kwa Martin Walter, kampuni ya kutengeneza bodi mjini Folkestone, iliyochukua vani za Bedford katika miaka ya 1950 na kuziwekea vitanda na paa la kufunguka.

Kinachotofautisha njia hizi mbili ni nani amelipima gari, nani amelipatia jina kwenye kadi ya usajili, na uzito gani umebaki baada ya nyumba kuingia ndani yake. Kitanda ni hesabu ya baadaye.

Uzito ndio unaowaumbua wengi. Gari la aina hii kwa kawaida lina kikomo cha kilo 3,500, kwa sababu hicho ndicho kikomo cha leseni ya kawaida ya Uingereza, daraja la B, kwa kila aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu tarehe 1 Januari 1997. Waliofaulu kabla ya hapo wanaruhusiwa hadi tani 7.5, na wakifika miaka 70 wanatakiwa kutimiza masharti ya afya ili waendelee na haki hiyo. Sasa, mhamiaji aliyekuja miaka ya 2000 na leseni ya Tanzania aliruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 tu baada ya kuwa mkazi, kisha akafanya mtihani upya. Huyo yumo katika kundi la tani tatu na nusu, apende asipende.

Chukua mfano wa motohomu yenye uzito wa kilo 3,050 ikiwa tayari kwa safari. Kipimo hicho humjumuisha dereva na mafuta. Zimebaki kilo 450. Mama na watoto watatu, tuseme kilo 200 kwa jumla. Maji lita 100 ni kilo 100. Tayari zimebaki 150, na hapo hujaweka matandiko, nguo, chakula, mtungi wa pili wa gesi, turubai la kivuli linalofungwa ubavuni, betri ya ziada na baiskeli za watoto nyuma. Muuzaji ataeleza kwamba gari lina vitanda sita na mikanda sita, na anasema kweli. Hatasema kwamba watu sita wazima pamoja na mizigo yao huenda wasiweze kusafiri ndani yake kihalali. Askari au mkaguzi wa DVSA, wakala wa viwango vya magari, akilisimamisha gari na kulipeleka kwenye mizani, faini za papo hapo huanzia £100 hadi £300 kwa kadiri uzito ulivyozidi, na gari linaweza kuzuiwa lisiendelee mpaka mzigo upunguzwe. Kila ekseli nayo ina kikomo chake, hivyo stoo kubwa ya nyuma ikijazwa inaweza kuivunja sheria hata kama jumla iko sawa.

Vani tupu ina habari tofauti. Ducato ndefu yenye paa la juu, ikiwa bado ni chuma na vumbi, hubakiwa na takriban kilo 1,400 kabla ya kufika kikomo kilekile. Fundi mwangalifu anaweza kuweka kitanda, jiko, tangi, betri na bitana ya kuta kwa kilo 600 au 700, na familia ikabaki na nafasi ya kupumua. Asiye mwangalifu ataijaza plaiwudi nene na vigae, kisha ataipima siku ya mwisho, ikiwa ataipima kabisa. Anayemlipa fundi ana haki ya kudai karatasi ya mizani kabla kazi haijaanza na baada ya kumalizika. Fundi anayenung'unika kwa ombi hilo amejibu swali jingine pia.

Wapo wanaosema dawa ni kupandisha kikomo cha motohomu kwa makaratasi, kutoka 3,500 hadi 3,850 kwa mfano. Chesisi nyingi zinaruhusu. Lakini mwenye leseni ya daraja B hataweza tena kuliendesha, na kwa mkazi wa Croydon kuna mtego wa pili: juu ya kilo 3,500 gari linatoka chini ya ULEZ na kuangukia LEZ, tozo ya magari mazito, ambayo inadai Euro VI. Lisilofikia hapo hutozwa £100 kwa siku, na lile lisilofikia hata Euro IV hutozwa £300. Kwa gari jipya si tatizo. Kwa motohomu ya mwaka 2010 iliyonunuliwa kwa bei ya kuvutia huko Kent, kuivusha mpaka wa London pale Coulsdon kunaweza kugharimu kuliko kambi yenyewe.

Halafu kuna viti. Waliopanda daladala za mbao za Zanzibar, au zile za Dar es Salaam zilizoitwa chai maharage, wanakumbuka abiria kukaa ubavuni wakitazamana magoti kwa magoti. Vani nyingi za mafundi wa mtaani zimepangwa hivyohivyo, benchi kila upande na meza katikati, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kupata kitanda usiku. Gari likiwa limeegeshwa, mpangilio huo ni mzuri. Likiwa linakwenda, si mahali pa mtoto: Uingereza hairuhusu kiti cha mtoto kufungwa kwenye kiti cha ubavuni, na watoto walio chini ya miaka 12 au kimo cha sentimita 135 kwa kawaida wanatakiwa kuwa kwenye kiti chao. Kiti kinachotazama mbele chenye mkanda uliofungwa kwenye fremu, na kilichovutwa kwa mashine kupimwa kama kitang'oka, ni ghali na kizito. Motohomu ya kiwandani imekwisha kupitia majaribio hayo ndipo ikapewa idhini ya kuuzwa. Kwa familia yenye watoto wadogo, hoja hii peke yake inaweza kufunga mjadala.

Kadi ya gari ina tabia zake. Kiwanda kikitoa motohomu, huandikwa motohomu tangu siku ya kwanza. Vani ya fundi huzaliwa vani ya mizigo, na mwenyewe anatakiwa kuiomba DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, ibadilishe jina. Tangu 2019 masharti yamekazwa. Ndani, panatakiwa viti na meza, mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuhifadhia vitu. Nje, DVLA inataka gari lionekane motohomu na mpita njia: madirisha mawili au zaidi ubavuni, mlango wa pekee wa kuingilia sebuleni, michoro pande zote mbili, reli ya turubai, na paa la juu lisilo la kunyanyuka. Matokeo yake ni kichekesho kidogo. Vani iliyojengwa kwa ustadi, yenye kila kitu ndani, hurudishiwa kadi iliyoandikwa vani yenye madirisha, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kuichora milima na mawimbi ubavuni.

Je, jina lina maana? DVLA yenyewe inasema lipo ili gari litambulike barabarani. Lakini kwenye barabara isiyogawanywa katikati nje ya mji vani ya mizigo inaruhusiwa maili 50 kwa saa, na motohomu isiyozidi tani 3.05 ikiwa tupu inaruhusiwa 60. Kwenye barabara pacha ni 60 dhidi ya 70. Mwenye kadi ya vani anaweza kujikuta akiandika barua kueleza gari lake ni nini hasa. Bima ndiyo kubwa zaidi. Kampuni za kawaida hukwepa magari yaliyogeuzwa, na zile zinazoyapokea hudai picha za ndani, risiti na wakati mwingine kadi yenyewe iwe imebadilishwa. Asiyewaambia bima kwamba ameweka jiko na mtungi wa gesi ndani ya vani ya mizigo, siku ya moto atajua kwamba alikuwa akilipia kitu kingine. Mfumo wa gesi, kwa njia zote mbili, ukaguliwe na mtaalamu aliyesajiliwa, na king'ora cha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kiwepo karibu na kitanda.

Hadi hapa kiwanda kinaongoza kwa karatasi na fundi kwa uzito. Ndani ya gari mizani inabadilika tena, na huko ndiko Mswahili ana yake ya kusema.

Motohomu za Uingereza zimechorwa kwa ajili ya wastaafu wawili wanaopasha supu na kuoka mkate. Kuna oveni, kabati la glasi za mvinyo, mahali pa televisheni na jiko ambalo sufuria ya pilau ya watu sita haikai bila kuziba mafiga mengine. Kitanda cha juu ya dereva kinafikiwa kwa ngazi, na bibi aliyekuja kutoka Tanga kuwatembelea wajukuu hatakipanda. Fundi anaweza kuiondoa oveni, akaweka jiko pana lenye moto mkali, droo yenye kina cha sufuria, kitanda cha chini upande mmoja, sakafu tupu inayotosha mkeka wa kuswalia, na bomba dogo mlangoni la kutawadhia ili maji yasitapakae ndani. Maji nayo yafikiriwe, maana familia inayotawadha mara tano kwa siku humaliza tangi haraka kuliko kitabu cha maelekezo kinavyodhani. Mambo haya hayapo katika orodha ya nyongeza ya muuzaji yeyote, na ndiyo hasa yanayoamua kama gari litatumika mwaka wa pili.

Croydon ina hoja yake nyingine, nayo ni mahali pa kuliweka. Mitaa ya Selhurst, South Norwood na Thornton Heath ina nyumba za enzi ya Victoria zilizoshikana, mbele yake magari yamebanana. Nafasi ya kawaida ya maegesho Uingereza ni mita 2.4 kwa 4.8. Ducato ndefu inakaribia mita 6, motohomu nyingi zinapita 7, nazo ni pana kuliko vani kwa kiasi cha kumkasirisha jirani. Volkswagen Transporter fupi ni takriban mita 5 na urefu wake kwenda juu hauzidi sana mita 2, hivyo inaweza kuwa gari la kila siku: shule asubuhi, sokoni Surrey Street mchana, kambini Ijumaa. Wenye uwanja mbele ya nyumba kule Purley au Coulsdon wana nafuu, ingawa hati za nyumba za mitaa fulani zinakataza karavani kuonekana mbele, na hati husomwa baada ya ugomvi. Asiye na pa kuweka hukodi yadi yenye ulinzi nje ya mji, na gharama hiyo ya kila mwezi iingizwe kwenye bei. Gari lililo yadini pia halitumiki kwa safari ya ghafla. Aliye na Transporter mlangoni anaweza kuamua Jumamosi asubuhi kwenda Alderstead Heath karibu na Merstham, kambi ya klabu ya karavani iliyo kusini tu ya mpaka wa Croydon, na akala chakula cha mchana huko.

Pesa sasa. Motohomu mpya mara nyingi hupita £60,000, na Volkswagen California, kampavani inayotengenezwa na Volkswagen wenyewe, iko katika kundi hilohilo licha ya udogo wake. Vani iliyotumika na kugeuzwa inaweza kumalizika kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, hasa mwenyewe akifanya useremala mwishoni mwa wiki kwa mbao za maduka ya Purley Way. (Barabara hiyo ilikuwa na uwanja wa ndege wa kimataifa wa London, na ndege za Imperial Airways za njia ya Mwanza zilianza kuondoka hapo Februari 1931. Leo watu huifuata kwa makabati.) Kiwanda hutoa dhamana ya bodi kutovuja, wengine hadi miaka 10, kwa sharti gari lipelekwe ukaguzi wa unyevu kila mwaka kwa gharama ya mwenyewe. Sharti hilo si la kupuuzwa. Motohomu ina maungio mengi ya kuta na paa, na mvua ya Uingereza haina haraka. Vani ya chuma imeungwa kiwandani kama kitu kimoja, na huvuja zaidi pale fundi alipotoboa dirisha.

Hatari ya fundi ni nyingine: amana. Karakana ndogo huchukua fedha za mteja wa leo kumalizia kazi ya mteja wa jana, na zikifungwa, vani inabaki nusu uchi ndani ya godauni la mtu. Hapa sheria ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 huifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei iliyozidi £100 na isiyozidi £30,000, hata kama kilicholipwa kwa kadi ni sehemu tu. Kazi ya fundi ya £18,000 inaingia humo. Motohomu ya £70,000 haiingii. Kwa ununuzi wa dukani, Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari bovu na kurudishiwa fedha zake, na ndani ya miezi sita ya kwanza ni muuzaji anayetakiwa kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo. Anayenunua kwa mtu binafsi hana hayo yote.

Kwa hiyo familia yenye watoto watatu wadogo, leseni ya baada ya 1997 na nyumba isiyo na uwanja haina nafasi kubwa ya kuchagua. Inayoifaa ni vani fupi ya Euro 6 au ya petroli, yenye viti vilivyopimwa vinavyotazama mbele, iliyogeuzwa na karakana inayotoa karatasi za mizani na za gesi. Wanandoa ambao watoto wamekwisha kuondoka, wenye uwanja Coulsdon na muda wa kukaa Ufaransa wiki sita, watajisumbua bure na fundi, kwani motohomu ya kiwandani ilichorwa kwa ajili yao. Anayesitasita akodi kila aina kwa wikiendi moja ya mvua, wala asingoje jua.

Liko swali la mwisho lisilomhusu Mwingereza: kulirudisha gari nyumbani. Usukani uko kulia, kama Mombasa na Dar es Salaam, na ndoto hiyo huibuka mara kwa mara mezani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania huongeza kodi kwa magari ya zamani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu anayehamia kurudi kuingiza gari moja bila ushuru ikiwa amelimiliki na kulitumia kwa miezi 12 au zaidi. Ila injini ya dizeli ya Euro 6 ilitengenezwa kwa mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango kilichoanza kutumika Afrika Mashariki mwaka 2015 ni 50, na spea za Ducato hazipatikani kwa urahisi barabara ya kwenda Singida. Toyota Alphard ya petroli, ambayo wageuzaji wa Uingereza huiagiza kutoka Japani na kuifanya kampavani ndogo, ina kazi ya kuthibitisha viwango vyake kwa watu wa ULEZ, lakini fundi wa Kariakoo anaifahamu kwa sauti ya injini.